Tupeane uzoefu: taka za nyumbani kwako unazifanyaje? (Arusha na Moshi)

Wadau habari zenu. Naomba wale mnaokaa Arusha na Moshi tupeane uzoefu kuhusu taka za nyumbani, namaanisha zile za kila siku, maganda ya ndizi, makopo ya maji, boksi, majivu, vyote vinavyoishia kwenye kiroba nyuma ya nyumba. Mi nakaa Sakina, nyumba ya kupanga, familia kadhaa uwanja mmoja, na gari la taka likichelewa tu hali inakuwa mbaya, mbwa wanachana viroba usiku, nzi mpaka ndani, halafu majirani tunaanza kununiana. Ndo nikaamua kuangalia kwenye kile kiroba kuna nini hasa. Aisee sehemu kubwa ni vitu vya kuoza, maganda, mabua ya mboga, ukoko wa ugali, majani ya chai. Makopo yanajaza nafasi lakini uzito na harufu vinatoka kwenye hivyo vya kuoza.

Sasa jikoni kuna ndoo mbili, moja ya mbichi moja ya vikavu, na kiroba cha kupeleka kwenye gari kimekuwa chepesi, kinakaa bila kunuka mpaka gari lije. Kwa maoni yangu kutenganisha palepale jikoni ndo kazi yenyewe, ukishachanganya umeharibu vyote viwili, kopo limechafuka mnunuzi halitaki, na maganda yana vipande vya nailoni huwezi kuyaweka kwenye bustani. Ila swali langu kwenu, zile mbichi mnazipeleka wapi kama huna shamba?

Mdau wa Rau, Moshi

Mkuu umegusa penyewe. Mi nimekulia Kibosho, na kihambani kwa mama, yaani shamba la migomba linalozunguka nyumba, mpaka leo sijawahi kuona maganda yanatupwa. Majani ya mgomba anakula ng'ombe, shina likishakatwa ndizi linakatwakatwa naye analishwa, hasa kiangazi majani yakiwa shida, samadi inarudi kwenye migomba na kahawa. Maganda ya ndizi za mtori anapewa mbuzi, machicha ya mbege, ile pombe yetu ya ndizi, anapewa nguruwe. Wazee wetu wamelima ardhi ileile vizazi na vizazi na bado inazaa kwa sababu kilichotoka kwenye udongo kinarudi kwenye udongo.

Huku mjini nina kieneo kidogo tu ila nimepanda migomba mitatu na katikati yake kuna shimo, kina cha goti hivi. Maganda yote yanaingia humo, kila nikimwaga naweka majani makavu juu. Likijaa nalifukia na kuchimba lingine pembeni, nikirudi kwenye lile la kwanza nakuta udongo mweusi unaomeguka vizuri, na mgomba uliokuwa jirani umenenepa kuliko wenzake. Moshi tunasifiwa usafi nchi nzima na kweli barabara zinang'aa, lakini tusijidanganye, tunachokifagia hapa kinaenda kulundikana dampo la Kaloleni kama vile Arusha kinavyoenda Muriet. Na maganda yakifukiwa chini ya lundo kubwa bila hewa yanatoa gesi ya methani, ile inayochangia joto la dunia. Kwa hiyo ganda linalobaki nyumbani lina faida mara mbili.

Mdau wa Kijenge, Arusha

Mi sina hata mgomba mmoja, niko ghorofani, natumia ndoo za rangi zile za lita 20. Fundi kanitobolea matundu chini na ubavuni, chini nimeweka vijiti ili hewa ipite, halafu kila nikimwaga maganda naweka maranda ya mbao juu mpaka maganda yasionekane kabisa, hapo ndo siri ilipo, ukiona ganda basi na nzi analiona. Nakatakata vipande vidogo kwanza maana ganda zima la ndizi linachelewa sana. Ndoo ikijaa naiacha na mfuniko ulioegeshwa, naanza nyingine. Ikiiva inanukia udongo baada ya mvua, na huwezi tena kutambua kilikuwa nini isipokuwa maganda ya mayai. Nachanganya na udongo wa kawaida kwenye viroba, nimepanda chainizi, mnafu na vitunguu vya majani pale kibarazani, mboga ya jioni nachuma hapohapo.

Mdau wa Majengo, Moshi

Dada hapo juu naomba kuuliza, mi nilipoona jirani yangu anafanya hivyo ilinuka kama mayai viza nikaogopa kuanza, na masika hii sijui itakuwaje?

Mdau wa Tengeru

Nijibu hilo maana nashughulika na bustani. Harufu ya mayai viza maana yake humo ndani hakuna hewa na maji yamezidi. Mboji, yaani mbolea ya taka zilizooza, inahitaji vitu viwili, vibichi kama maganda, majani mabichi na samadi, na vikavu kama maranda, mabua ya mahindi, majani makavu, hata boksi lililochanwachanwa. Mkiweka vibichi vitupu mnapata tope linalonuka. Kwa macho tu, vikavu viwe vingi kuliko vibichi, kama ndoo mbili kwa moja, halafu pindua kwa jembe kila baada ya wiki moja mbili. Kupima unyevu chukua konzi moja ukamue, ikishikana na isichuruzike maji uko sawa.

Kama una lundo kubwa uwanjani chomeka kijiti kirefu katikati, kesho yake kitoe ukishike, kikiwa cha moto ujue kazi inaendelea, lundo zuri linafika hata nyuzi joto 55 mpaka 65 na mbegu nyingi za magugu zinakufa humo. Kikiwa baridi na kikavu ongeza maji, kikiwa baridi na kimelowa ongeza vikavu upindue. Masika funika na majani ya migomba au turubai. Na huku kwetu mwezi wa sita na wa saba kile kibaridi kinapunguza kasi, usikate tamaa ukiona haiendi. Nyama, mifupa na mafuta ya kukaangia usiweke kabisa, unaita panya na mbwa. Majivu weka kidogo tu, yakizidi udongo unakosa uwiano.

Mama wa Moshono

Mimi mabaki nawapa kuku wangu wa kienyeji ila wanangu niwatahadharishe. Maganda na kokwa za parachichi kuku wasipewe, ni sumu kwa ndege, na huku kwetu parachichi ni jingi watu wanamwaga tu bandani. Kitu kilichoota ukungu nacho usimpe, hasa mahindi na unga, kuna sumukuvu humo, na wewe unakuja kula mayai ya kuku huyohuyo. Vitu vya chumvi nyingi pia hapana. Parachichi peleka kwenye mboji, huko halina shida.

Chalii wa Unga Limited

Mi niko upande wa makopo, nanunua na kuuza kwa kilo. Wadau wengi wanatupa hela. Makopo ya maji na soda yale mepesi angavu yana namba 1 chini kwenye alama ya mishale, ndoo na madumu mara nyingi ni namba 2, hizo zinauzika. Bei inapanda na kushuka siwezi kuwadanganya, ila kopo safi lisilo na mafuta ndani linachukuliwa haraka. Suuza kidogo, likanyage libane, weka kwenye salfeti, likijaa muite kijana anayepita mtaani. Na wale vijana wanaookota makopo naomba muwaheshimu, wasifukuzwe getini kama wezi, bila wao mitaro yetu ingekuwa imeziba zaidi kila mvua ikinyesha. Tena ukiwa umewatengea pembeni hawana haja ya kukumwagia kiroba chini.

Chuma chakavu na betri za gari msichanganye na taka nyingine. Matairi mnajua wenyewe, Arusha tairi halizeeki, linaisha likiwa katambuga mguuni. Na chupa za kioo zilizovunjika wapo wanaoziyeyusha wakatengeneza shanga na glasi, pale kwenye karakana inayoitwa Shanga, ndani ya Arusha Coffee Lodge, mafundi wengi ni watu wenye ulemavu, kazi zao ni nzuri sana.

Mdau wa Ngaramtoni

Makopo huku kwetu yanatokana na maji. Maji ya upande huu wa Meru yana madini ya floridi, watoto meno yanakuwa ya kahawia, na kuchemsha hakusaidii, floridi haitoki kwa moto. Kwa hiyo kila nyumba inanunua maji ya kunywa na kila siku makopo. Sisi tulihamia kwenye yale madumu makubwa ya kurudisha, unarudisha tupu unapewa jingine, vikopo vidogo nyumbani vimekwisha. Bei ya dumu la kwanza inauma kidogo lakini baada ya hapo ni nafuu. Kitu kingine, tusichome plastiki jamani, moshi wake ni sumu na sisi wenyewe ndo tunauvuta. Nakumbuka Juni 2019 rambo zilipopigwa marufuku watu walilalamika sana, leo kila mtu anaenda soko la Kilombero na kikapu chake au mfuko mbadala na maisha yanaendelea.

Mdau wa Pasua, Moshi

Mbona hamjagusa pampasi? Kwangu maganda na makopo nimemaliza, pampasi ndo zinajaza kiroba, haziozi, haziuziki, na wengine wanazitupa mtoni usiku.

Mdau wa Rau, Moshi

Dada yangu, hilo ni gumu na sitakudanganya kwamba lina dawa moja. Mke wangu mchana anatumia nepi za vitambaa, zile za mraba pamoja na vipande vya khanga chakavu, pampasi usiku na safarini tu, zimepungua sana. Kinyesi tunamwaga chooni kwanza, zile za kutupa tunazikunja na kufunga kwenye mfuko wao peke yake ziende na gari. Kwenye mboji usiweke, ndani kuna plastiki.

Mdau wa Sakina (mwenye uzi)

Asanteni sana, mama wa Moshono shikamoo, nimeshamwambia shemeji yangu mambo ya parachichi. Nimeongea na jirani mmoja uwanjani tuweke pipa moja la mboji la wote pale karibu na ukuta, kazi ya kupindua tupeane zamu. Dada wa Kijenge, hayo maranda unayapata wapi?

Mdau wa Kijenge, Arusha

Kwa fundi seremala yeyote, kaka. Nenda jioni wanapofagia, ubebe salfeti lako, na uulize kama ni mbao tupu, ya mbao iliyopakwa dawa au rangi usichukue.