Tupeane uzoefu: bendi ya rock uliyokua nayo

Wakuu, jana nikipanga kabati la marehemu baba nimekutana na kanda yangu ya dakika 90. Upande A Hybrid Theory, upande B Meteora, mwandiko wangu wa kidato cha pili. Albamu mbili za Linkin Park! Redio kaseti nyumbani hakuna tena, nikabaki nimeishika tu.

Mwaka 2003, Tanga. Kaka mmoja jirani alikuwa na CD zote mbili, akanirekodia. Albamu zenyewe hazifiki dakika 40 kila moja, kwa hiyo mwisho wa kila upande ulibaki mkanda mtupu, na sikuwahi kuujaza na kitu kingine. Kurudisha nyuma nilizungusha kwa kalamu ya Bic ili betri zisiishe. Zikichoka, naanika juu ya bati.

Baba hakuzipenda zile kelele. Lakini mama alikuwa amefariki mwaka ule ule, na pale nyumbani hakuna aliyemtaja. Mimi kulia nilishindwa. Chester Bennington, mwimbaji wao, akipaza sauti mpaka inakwaruza, kifua kinafunguka, usingizi unakuja. Kiingereza nilikuwa naokoteza. Maneno niliyaandika nyuma ya daftari la Jiografia, nusu nimekosea.

Chester alipofariki Julai 2017, habari ilinikuta kwenye daladala. Nikashuka kituo kisicho changu, nikatembea.

Nyie je?

Mdau, Nakuru: Pole sana ndugu. Mimi ni Nirvana. Nilipowajua, mwimbaji wao Kurt Cobain alikuwa ashafariki miaka mitano. Nilikuwa nabaki kanisani baada ya mazoezi ya kwaya, natafuta zile kodi (chords) zake nne kwa gitaa la kanisa. Siku moja mwalimu wa kwaya akanikuta, nikajua nimekwisha. Akavuta kiti, akasema, "Hebu rudia polepole." Mpaka leo napiga gitaa Jumapili.

Mdau, Unguja: Queen. Nina miaka 15 ndipo mjomba akaniambia mwimbaji wao Freddie Mercury kazaliwa hapa hapa kwetu, 1946, akiitwa Farrokh Bulsara. Usiku ule nilisikiliza upya kila wimbo niliokuwa nao, nikihisi anaimba mtu wa mtaani.

Mleta mada: Ahsanteni wadau. Wa Nakuru, huyo mwalimu Mungu ambariki. Kuna fundi redio ameniahidi redio kaseti Jumamosi. Mkanda ukiwa bado mzima nitaleta mrejesho.