Mrejesho: Siku 3 kwenye nyumba ya wageni kijijini

Wakuu, narudi na mrejesho. Niliwauliza kama siku 3 kwenye nyumba ya wageni ya kijijini, malazi na kifungua kinywa tu, zingetuchosha mimi, mke wangu na binti yetu, tusio na gari. Hazikututosha!

Ushauri ulionifaa kuliko wote ni ule wa kutoka kabla ya kifungua kinywa. Alfajiri ndege huimba kwa nguvu kuliko saa nyingine, na upepo ukiwa umetulia sauti zao hufika mbali. Mwenyeji alikubali kutucheleweshea mlo kwa saa 1. Darubini ya 8x42 mliyonitajia ilitosha kabisa: inakuza mara 8, haitikisiki sana mkononi, na kwa kuwa lenzi zake za mbele zina kipenyo cha milimita 42, kwenye mwanga hafifu bado unaona vizuri. Tulimtazama ndege aitwaye mdiria akipiga mbizi kijitoni mara tatu mpaka akapata samaki. Hatukusema neno.

Baiskeli tuliziacha mapema, njia ilijaa matope.

Usiku tulizima taa zote tukakaa nje dakika 30 macho yazoee giza. Kilimia, lile kundi la nyota, tulikiona wazi, na binti yetu bado anakisimulia kila jioni.