Siku ya sanaa mtaani: mwenye spika analipwa, mpiga gitaa anaambiwa ajitolee, hii ni sawa?

Wakuu, kuna hizi siku za sanaa na muziki za mtaa zinazofanyika ufukweni, jukwaa moja, watoto wanachora pembeni, bendi za mtaani zinapiga, kiingilio hakuna. Mimi nazipenda sana tu. Swali langu, wasanii walipwe au wajitolee? Msimamo wangu nautoa mapema tusije tukazungushana: walipwe, hata kama ni kidogo.

Angalia hela inavyotembea. Mwenye tenti analipwa, mwenye spika na mixa analipwa tena anadai advansi, jenereta haiwashwi mpaka mafuta yalipiwe. Ikifika zamu ya mpiga gitaa ndo unasikia "hii ni ya jamii bwana, wewe njoo tu, utapata jina". Jina si analo tangu azaliwe! Na watu wamemfuata yeye, sijaona aliyetoka kwake kwenda kutazama tenti.

Halafu ufukweni ni balaa kwa vyombo. Hewa ya chumvi inakula nyuzi za chuma, mchanga ukiingia kwenye vitufe vya mixa vinaanza kukwaruza kila ukivigusa, ngoma ya ngozi inanyonya unyevu inalegea hadi unamkuta mtu nyuma ya jukwaa anaipasha moto haraka haraka huku emsii keshamtaja. Nyuzi mpya ananunua nani? Huyohuyo aliyeambiwa ajitolee, kwa hiyo katoa hela yake mfukoni ili sisi tucheze.

Najua mtaniletea Ufaransa. Sawa, Fête de la Musique, yaani sikukuu yao ya muziki, ilianza 1982 enzi za waziri wa utamaduni Jack Lang, kila tarehe 21 Juni watu wanapiga barabarani bure na imesambaa nchi kibao. Lakini pale mwenye chombo chake ndani anakaribishwa atoke apige, akitaka anatoka asipotaka anabaki. Wewe unampigia mtu simu, unampangia saa, unabandika sura yake kwenye bango ili watu waje, mwisho wa siku anaondoka na chupa ya maji. Hiyo ni kazi bwana. Kwaya ya watoto au mzee anayetaka kupiga kibao kimoja kwa raha zake, hao siwahesabu.

Hoja ya upande wa pili inayonisumbua kweli ni hii: kamati haina kitu, ikilipa wasanii itaweka kiingilio, na kiingilio kikiwekwa jirani asiye na hela anabaki nje ya kamba, sasa hiyo siku ya mtaa ni ya nani tena? Mimi naona bora bendi 4 zilizolipwa kuliko 12 za bure, jukwaa lifungwe mapema, na wachuuzi wanaovuna wateja kwa sababu ya muziki nao wachangie kidogo. Tena hata wale wa nyumba za nyuma wanaolalamikia kelele watapumua, maana mchana upepo wa baharini unavuma kuelekea nchi kavu na sauti yote inaishia madirishani kwao.

Mliowahi kukaa kwenye kamati za namna hii, hela ikibana huwa mnaanza kukata wapi? Na wasanii mliomo humu, mmewahi kugoma kupiga bure mkaitwa wenye maringo? Mwageni.