Mshono wa upasuaji: iodini, klorheksidini, spiriti au maji ya chumvi?

Mdau_Sakina: Wakuu, mshono una siku ya tatu, mkavu, nyuzi bado zipo. Famasi zinauza iodini (povidoni-iodini ya 10%), klorheksidini, spiriti, peroksaidi na GV, ile dawa ya zambarau. Kipi kinafaa nyumbani?

Nesi_Njiro: Mshono mkavu hauhitaji dawa ya kuua vijidudu. Saa 48 za mwanzo bandeji haiguswi, labda iwe imelowa. Baada ya hapo ni maji ya chumvi: chemsha lita moja kwa dakika 10, tia gramu 9 za chumvi, kama kijiko kimoja na nusu cha chai. Yapoe yakiwa yamefunikwa, yakilala, mwaga. Nawa mikono, lowesha gozi safi, futa mara moja kufuata mshono, tupa, chukua nyingine. Usisugue, nyuzi zinavutika.

Mfamasia_Moshi: Nesi kasema kweli. Spiriti na peroksaidi acheni kabisa: zinaunguza chembe changa zinazofunga kidonda, na lile povu si uchafu unaotoka. GV inaficha wekundu, na wekundu ndio tunaoutafuta mapema. Iodini itumike daktari akiagiza. Osha kwanza, kwa kuwa damu na usaha vinaipunguza nguvu; paka nyembamba, ikauke kama dakika 2 ndipo ufunike, ikifunikwa mbichi inababua ngozi. Mwenye goita au mjamzito aulize kwanza. Klorheksidini hukaa kwenye ngozi muda mrefu zaidi, ila suuza sabuni yote kabla, na isiingie machoni wala masikioni.

Mama_Kaloleni: Na asali ya nyuki wetu?

Mfamasia_Moshi: Shikamoo mama. Asali ya hospitali huuliwa vijidudu kwa mionzi. Ya sokoni inaweza kubeba mbegu za bakteria, usiweke kwenye mshono.

Mdau_Sakina: Na kovu?

Nesi_Njiro: Hilo lianze nyuzi zikishatoka na gamba limedondoka lenyewe. Jeli au karatasi ya silikoni, saa 12 au zaidi kwa siku, miezi miwili mitatu. Wengi huacha wiki ya tatu, ndiyo maana wanasema haifanyi kazi. Jua la Arusha, mita kama 1,400 juu ya bahari, hulitia kovu changa weusi hata kukiwa na mawingu: nguo, au losheni ya kukinga jua ya SPF 30. Mwenye historia ya keloidi, yaani kovu linalovimba na kuzidi kidonda chenyewe, awahi kliniki ya ngozi, kama ile ya KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi, kovu linapoanza tu kuwasha na kuinuka. Sindano ya triamsinoloni, dawa ya steroidi inayochomwa ndani ya kovu, hufanya kazi vizuri zaidi likiwa bado dogo.

Mfamasia_Moshi: Homa, usaha, harufu au mshono kuachia: hospitali siku hiyo hiyo, bila kupaka chochote juu.