Baruti ipi inafaa kwa .375 H&H penye joto kali: H414, Reloder 15 au H4350?

Msafiri wa Chumbageni

Ndugu zangu, nawasalimu nikiwa nyumbani Tanga kwa likizo. Ninafanya kazi katika shamba la wanyamapori huko Limpopo, Afrika Kusini, ambako mwenye leseni huruhusiwa kujijazia risasi zake, na huko ndiko nilikojifunza kazi hiyo. Naomba ushauri wa kuchagua baruti moja nitakayodumu nayo kwa bunduki yangu ya .375 H&H, ya kuwindia wanyama wakubwa, yenye kutumia kichwa (kipande kinachoruka) cha greini 300, yaani kama gramu 19.

Kilichonifanya niulize ni hiki. Mwezi Julai, asubuhi za baridi, nilijaza risasi kwa H414, nikajaribu chache palepale, zikaenda vizuri, nikabakiza ishirini. Mwezi Novemba nikazitoa kwenye sanduku lililoshinda juani nyuma ya gari. Risasi ya kwanza ilipiga nilipolenga, lakini bolti ilikataa kuinuka kwa vidole, nikailazimisha kwa kiganja. Ganda lilipotoka, fataki (kiwashio kidogo cha kitakoni) ilikuwa imebapa hata ukingo wake wa mviringo haukuonekana, na kitako cha ganda kilikuwa na alama ndogo inayong'aa. Sikufyatua ya pili. Kipimo changu cha baruti hakikuzidi kile cha kitabu cha kujazia risasi.

Sasa nashindanisha tatu: nibaki na H414 na kupunguza kipimo, nihamie Reloder 15 ambayo wenzangu wengi kule wanaisifu, au nichukue H4350.

Fundi wa Bagamoyo

Ndugu Msafiri, pole, na ulifanya vema kuacha risasi ya pili, kwa maana hizo ni dalili za shinikizo kubwa mno ndani ya ganda. Nimetengeneza bunduki kwa miaka mingi kabla ya kurudi Bagamoyo, na hadithi ya bolti iliyokwama baada ya gari kushinda juani nimeisikia zaidi ya mara moja.

Tuanze na risasi yenyewe, kwa maana umri wake una habari ndani yake. Holland & Holland, watengeneza bunduki wa London, waliitoa .375 mwaka 1912, ilipojazwa kwa kordaiti, baruti ya Kiingereza ya mwaka 1889 iliyokuwa na umbo la nyuzi ndefu mfano wa tambi. Nyuzi hizo ziliingizwa ndani ya ganda kabla shingo yake haijabanwa. Kordaiti ya mwanzo ilikuwa na nitrogliserini, kilipuzi cha majimaji chenye nguvu, kiasi cha asilimia 58, na ilipopata joto la nchi zetu shinikizo lake lilipanda sana. Ndiyo sababu ganda la .375 ni refu, limechongoka taratibu kutoka kitakoni kwenda mbele, na bega lake limelala: waliolibuni walitaka litoke chemba (tundu la bunduki linamokaa risasi) bila kung'ang'ania hata siku ya joto. Rigby naye, mtengeneza bunduki mwingine wa Uingereza, mwaka 1911, alichukua njia nyingine katika .416 yake kwa kulifanya ganda kuwa kubwa mno ili shinikizo libaki chini. Hata leo kikomo cha shinikizo cha .416 Rigby kwa vipimo vya Ulaya ni bar 3,250, wakati cha .375 ni bar 4,300. Tatizo lako, basi, lilijulikana kabla babu zetu hawajazaliwa, na wenye kujua walilikabili kwa umbo la ganda. Sisi tunaweza kulikabili kwa baruti.

H414 ina chembe za duara, na mbali ya nitroselulosi, ambayo ndiyo kiini cha baruti hizi zote, ina nitrogliserini. Sifa yake kubwa ni kwamba humiminika kama mtama, hivyo kipimo cha kumwaga (kifaa kinachopima kwa ujazo) huitoa sawasawa kila mara. Kwa mtu anayejaza mamia ya risasi za shabaha mahali penye hali ya hewa isiyobadilika, sina neno nayo. Lakini chembe hizo hupakwa kemikali za kupunguza kasi ya kuungua, na kwa nilivyoiona kazini, joto likibadilika tabia yake hubadilika kuliko ya zile nyingine mbili.

Reloder 15 ni ya vijiti vifupi, nayo pia ina nitrogliserini. Inasukuma kichwa cha greini 300 kwa nguvu na kwa usawa, na sifa yake katika .375 ni ya haki. Hata hivyo, jeshi la Marekani liliitumia katika risasi zake za kudungua za M118LR, na askari waliozitumia penye joto kali wakalalamikia mabadiliko yake. Risasi iliyofuata, Mk 316, ilijazwa kwa IMR 4064, ambayo ni nitroselulosi bila nitrogliserini.

H4350 ni ya vijiti, haina nitrogliserini, na hutengenezwa Australia kwa nia mahususi ya kustahimili baridi na joto. Inaungua polepole kuliko Reloder 15, kwa hiyo huingia nyingi zaidi na kulijaza ganda la .375 hadi karibu na kichwa. Hilo nalipenda sana. Ganda lililojaa haliachi nafasi ya baruti kulala upande mmoja bunduki inapoinamishwa, na mtu akikosea akamwaga mara mbili, baruti itafurika mezani na kosa litaonekana. Kasoro yake ni kwamba vijiti vyake havimiminiki kama chembe za duara: kipimo cha kumwaga huvikata kwa mlio unaousikia mkononi, na uzito haulingani. Inakubidi kila ganda ulipime kwa mizani. Kwa risasi ishirini za kazi, hiyo ni nusu saa tu.

Mimi ningechukua H4350 bila kusita.

Mwalimu wa Muheza

Nakubaliana na Fundi, na ninaongeza machache kwa upande wa kemia. Punje ya baruti huungua kwa uso wake, kuanzia nje kwenda ndani, na kasi ya kuungua hupanda kadiri shinikizo linavyopanda. Punje iliyokwisha kupata joto huhitaji joto dogo zaidi ili iwake, kwa hiyo shinikizo hupanda mapema, nalo shinikizo huharakisha kuungua, na kuungua huongeza shinikizo. Ndiyo maana ongezeko dogo mwanzoni linaweza kuwa bolti iliyokwama mwishoni.

Jambo linalosahauliwa hapa pwani ni unyevu. Baruti hunyonya maji ya hewani, na ikikaushwa kupita kiasi huungua haraka zaidi. Anayefungua kopo barazani jioni ya masika, huku kuta zikitoa jasho, anapima baruti pamoja na maji. Uzito unaosoma kwenye mizani si wa baruti peke yake. Kopo lifunguliwe chumba kikavu, lifungwe mara tu kiasi kinachohitajika kinapotolewa, na baruti ibaki katika kopo lake la asili.

Pia, unuse kopo la zamani kabla ya kulitumia. Ukipata harufu kali ya asidi, au ukaona vumbi jekundu kama kutu, dawa ya kuihifadhi imekwisha na baruti imeanza kuoza. Haifai tena.

Askari Mstaafu, Pangani

Shikamoo Fundi. Niliwahi kuwa askari wa wanyamapori, na nataka neno moja tu lieleweke kwa kijana wetu. Kasi ya ziada ya futi hamsini kwa sekunde nyati haitambui. Bolti isiyofunguka anaitambua, kwa kuwa yeye bado anakuja nawe huna risasi ya pili. Chagua inayofungua bolti kila siku ya mwaka.

Binti wa Raskazone

Naomba kuweka wazi jambo kwa wasomaji wa huku kwetu. Neno baruti likitajwa pwani ya Tanga, wengi wetu tunawaza mabomu ya kuvulia samaki yaliyovunja matumbawe yetu na kukata mikono ya vijana wetu. Mazungumzo haya si hayo. Isitoshe, sheria yetu ya silaha na risasi ya mwaka 2015 haimruhusu mtu kujitengenezea risasi bila kibali, kwa hiyo anayosema Msafiri ayafanye kule anakoruhusiwa.

Fundi wa Bagamoyo

Marahaba, Mstaafu. Binti amesema kweli, nami nashukuru ameliweka mapema.

Msafiri wa Chumbageni

Nimewaelewa wote, na nimeshaamua: H4350. Nitajaza upya kuanzia kipimo cha chini cha kitabu, nitapima kila ganda kwa mizani, na nitazijaribu mchana wa Novemba badala ya asubuhi ya Julai. Zile kumi na tisa zilizobaki nitazifumua.

Nina maswali mawili. Nusu kopo la H414 lililobaki, je, naweza kulichanganya na baruti mpya ili lisipotee? La pili, mwenzangu ana kopo la IMR 4350 ambalo hajalifungua. Kwa kuwa namba ni ileile, naweza kuanza nalo huku nikisubiri H4350?

Fundi wa Bagamoyo

La kwanza: usichanganye kamwe, hata kijiko. Mchanganyiko huo hauna kitabu kinachoujua, na hakuna awezaye kukuambia utaungua kwa kasi gani. Kwa kuwa kopo lako la H414 ni zima na lina jina lake, litumie kwa risasi za shabaha za msimu wa baridi, kwa kipimo kilichopunguzwa, na risasi hizo uzitie alama ya rangi kitakoni zisije zikaingia kwenye mkanda wa kazi.

La pili: namba inafanana, baruti si ileile. H4350 na IMR 4350 zina kasi zinazokaribiana, lakini kila moja ina jedwali lake, na kipimo cha juu cha mojawapo kinaweza kuzidi kikomo cha nyingine. Isitoshe, IMR 4350 ni ya zamani na haikutengenezwa kwa kustahimili joto kama hiyo uliyoichagua, kwa hiyo utakuwa umerudi karibu na pale ulipoanzia. Subiri kopo lako.