Naomba ushauri: Gion Matsuri, Kyoto, na watoto wa miaka 2 na 5

Habari wakuu. Nauliza waliowahi kupeleka watoto wadogo kwenye tamasha hili la kila Julai huko Kyoto, Japani.

Nimechagua maandamano ya 24 Julai, si ya 17. Yale ya 17 yana magari ya sherehe 23 (ya mbao, huvutwa na watu), haya yana 11 tu, ila umati unapungua. Mkesha wa tarehe 15 na 16 nimeufuta: barabara ya Shijo hufungwa kwa magari ya kawaida saa 12 jioni, vichochoro vinageuzwa njia moja, na kigari cha mtoto kikishaingia hakirudi nyuma. Mbeleko tu.

Kinachonitatiza ni pa kukaa. Viti vya kulipia viko barabara ya Oike, juani kabisa, joto la Julai huvuka nyuzi 35, na mwavuli unawaziba walio nyuma. Uhondo uko kona ya barabara za Kawaramachi na Oike: magari makubwa hayana usukani, hivyo hutandikwa mianzi iliyolowa chini ya magurudumu, kisha huvutwa kwa kamba pembeni, hatua kwa hatua, mpaka yageuke nyuzi 90. Gari likikwama, msafara wote husimama. Wa miaka 2 atavumilia hapo kweli?

Je, upande wa mashariki wa Kawaramachi, kusini kidogo ya kona, kivuli cha majengo kinatosha hadi saa 4 na nusu? Na maduka makubwa mengi yakifunguliwa saa 4, kabla ya hapo nepi mnabadilishia wapi?