Naomba ushauri: tanuru la chokaa, shamba la barabara ya Likasi

Mwana_Kamalondo: Jambo yenu wakubwa. Marehemu baba alituachia shamba upande wa Likasi. Chini ya udongo mwekundu kuna jiwe jeupe, gumu, linakwenda hadi karibu na mto. Viwanda vya shaba vinanunua chokaa kila siku, nami nataka kuchoma jiwe hilo liwe chokaa. Swali ni moja: tanuru liwe la duara au la mraba, na makaa yatatosha? Wiki mbili sijalala vizuri.

MamaWaKenya: Mwanangu, shamba la marehemu si la mmoja. Ndugu zako wamekubali? Sisi tuligawana kiwanja kimoja tu, hadi leo mashangazi hawasalimiani.

Muzee_wa_Reli: Babu alichomea chokaa ndani ya kichuguu kikubwa. Siku moja mvua ilikuta rundo halijafunikwa, likachemka na kufuka moshi, mbuzi wakakimbia hadi kwa jirani. Jirani akadai ni wake! Lakini chunga macho yako, chokaa ikikutana na maji inaunguza.

FundiAsidi: Unauliza umbo la tanuru, jiwe lenyewe ni lipi? Huku Katanga yapo mawili yanayofanana. Kuna jiwe la chokaa kamili, kama la Kakontwe karibu na Likasi, tope la bahari la zaidi ya miaka milioni 600. Kuna dolomiti, yenye magnesi nyingi. Umepima?

Mwana_Kamalondo: Ni jeupe kabisa, yaya. Tumeshachoma mara moja: toroli 60 ziliingia, zikatoka karibu 60.

Kipushi_58: Uongo huu hapa. Kilo 100 za jiwe safi zinatoa kilo 56 za chokaa, 44 zinaondoka na hewa ukaa. Sitini haiwezi kutoka sitini. Kuna mtu alikuja na hadithi ya mlima mweupe, kumbe anauza shamba la watu. Ni wewe?

FundiAsidi: Kipushi, hesabu yako ni ya kilo, yeye kapima toroli. Donge likiiva halipungui sana ukubwa, linakuwa jepesi. Mwana, uliyapasua? Ndani yakoje?

Mwana_Kamalondo: Nje mepesi, katikati mazito kama zamani. Sawa, niseme yote. Karatasi ya maabara ninayo tangu Februari. Oksidi ya magnesi 19 kwa mia. Na mnunuzi wa kiwanda kimoja alishanipa dola 1,800. Nusu imo ndani ya tanuru, nusu nimelipia watoto shule. Lakini jirani anauza jiwe hilohilo! Nikiongeza moto, magnesi haitoki?

FundiAsidi: Haitoki. Moto wa digrii 900 unafukuza hewa ukaa tu. Dolomiti tupu ina karibu 22 kwa mia, kwa hiyo lako ni dolomiti. Kiwandani chokaa inatuliza asidi ya sulfuri: kalisi iliyomo ndani ya chokaa inageuka jasi, tunaichuja. Magnesi inageuka chumvi inayoyeyuka, inabaki katika maji tunayoyazungusha na kila siku inaongezeka. Saruji nayo inaikimbia, maana ikizidi ukuta unavimba na kupasuka baadaye. Lori la kwanza litapimwa na kurudishwa. Mwambie mnunuzi sasa. Jiwe hilo lisage bila kulichoma, uwauzie wakulima wa mahindi. Udongo wetu una asidi nyingi, na dolomiti inaupa kalisi na magnesi pamoja.

MamaWaKenya: Dola za watu, mwanangu! Mungu anaona.

Kipushi_58: Weka picha ya karatasi, ficha majina.

Mwana_Kamalondo: Nimeweka.

Kipushi_58: Nimeiona. Samahani, ndugu.

Mwana_Kamalondo: Mnunuzi nampigia kesho asubuhi. Ila tanuru silibomoi. Karibu na mto kuna jiwe jingine, la kijivu kizito, hilo halijapimwa. Nitatafuta asidi.

FundiAsidi: Ya kloridi, uliyoipunguza kwa maji. Tone moja juu ya jiwe lisilosagwa. Likitoa povu papo hapo, niandikie. Likikaa kimya hadi ulisage ndipo litoe povu, ni ndugu wa lile la kwanza.